Filamu ya Tamthilia Iliyofutwa Inakuja: Namna ya Kuisubiri Bila Kuumia Roho

Ijumaa ya tarehe 20 Desemba 2002, televisheni ya Fox ya Marekani ilirusha episodi ya kwanza ya Firefly, ile inayomtambulisha nahodha, watu wake na chombo chao cha angani. Ikawa ndiyo ya mwisho kurushwa. Tangu Septemba mwaka huo kituo kilikuwa kikizipanga episodi kwa namna yake, kikaanzia ya pili, na kabla mwaka haujaisha kikaifuta tamthilia nzima. Zilitengenezwa episodi 14, watazamaji wa televisheni wakaziona 11. Kisha, tarehe 30 Septemba 2005, waigizaji walewale walikuwa kwenye kumbi za sinema ndani ya filamu iitwayo Serenity, iliyogharamiwa na studio ya Universal kwa takriban dola milioni 39.

Kila shabiki wa tamthilia iliyokatwa njiani ameshasimuliwa habari hiyo, na ndiyo inayomfanya aruke kitini kila anaposikia kwamba ile ya kwake nayo inarudi kama filamu. Tatizo huanza siku ya pili. Kati ya tangazo na onyesho kuna miezi, mara nyingi miaka, na muda huo wote hujazwa na uvumi, trela za uongo, ugomvi wa makundi ya WhatsApp na matarajio yanayonenepa hadi filamu yoyote ile isiweze kuyabeba. Hatua zifuatazo ni za mtu aliye katikati ya kipindi hicho. Mfano wangu mkuu ni Firefly kwa sababu safari yake imekamilika na kila kitu kinaonekana, lakini nitaazima kwa wengine pia.

Hatua ya kwanza: jua habari imefika ngazi gani

Anayefuata tetesi za usajili za Simba na Yanga ana mafunzo ya kutosha tayari. Mchezaji kuonekana uwanja wa ndege si mchezaji aliyesaini, na aliyesaini anaweza kukutwa na tatizo kwenye vipimo vya afya. Filamu nayo ina ngazi zake, na inaweza kuanguka kwenye ngazi yoyote.

Ya chini kabisa ni mwigizaji kuulizwa kwenye mahojiano kama angependa kurudi, akajibu kwamba angefurahi mno. Hiyo ni adabu tu, usiihesabu. Juu yake ni mtunzi kusema anaandika skripti. Hapo weka tumaini dogo, maana skripti zilizoishia kabatini ni nyingi.

Ngazi ya tatu ni haki, na ndiyo watu wanayoiruka wanaposhangilia. Tamthilia ni mali ya mtu. Fox ndiyo iliyokuwa na Firefly, na aliyekuwa tayari kulipia filamu alikuwa Universal, kwa hiyo ilibidi haki za filamu zihamishwe kwanza. Kabla ya hapo mashabiki walikuwa wametuma kadi za posta kwa vituo vya televisheni na kuchangishana hadi wakalipia tangazo kwenye gazeti la Variety. Juhudi nzuri, ila hakuna kamera inayowashwa kwa kadi ya posta kama mwenye mali hajakubali. Basi ukisikia habari, swali lako la kwanza liwe: nani anamiliki, na je, yeye ndiye anayetangaza?

Baada ya haki hufuata mikataba ya waigizaji, halafu kamera, halafu tarehe, halafu trela. Kamera zikishawashwa ruhusu moyo ushangilie. Filamu iliyopigwa picha ni nadra kutupwa, ingawa haikosekani. Tarehe usiitie wino. Serenity ilipigwa picha kuanzia Juni 2004 na ikapangiwa kutoka tarehe 22 Aprili 2005, kisha ikasogezwa hadi mwisho wa Septemba. Walioomba likizo ya Aprili wanajijua.

Kuna kundi lingine lenye subira ya kupigiwa mfano, la Community, kichekesho cha chuo kilichorushwa na NBC tangu 2009 na kufikisha msimu wa sita kwenye mtandao wa Yahoo mwaka 2015. Mhusika mmoja, Abed, aliwahi kuropoka kwamba tamthilia fulani itadumu misimu sita na filamu juu yake, na mashabiki wakayafanya maneno hayo kuwa kaulimbiu yao wenyewe. Septemba 2022 Peacock, huduma ya kutazamia mtandaoni ya wenye NBC, ikatangaza rasmi: filamu ipo. Mwaka uliofuata ukaja mgomo wa waandishi wa Hollywood, kuanzia Mei hadi Septemba, na wa waigizaji, kuanzia Julai hadi Novemba. Miaka miwili baada ya tangazo kamera zilikuwa bado hazijawashwa. Tangazo lilikuwa la kweli kabisa. Lilikuwa kwenye ngazi ya chini kuliko watu walivyodhani.

Kwa vitendo: fungua ukurasa kwenye simu yako, uandike ngazi, tarehe na aliyesema. Ukipokea habari mpya, linganisha. Kama ngazi haijabadilika, hakuna habari, hata kama ujumbe una moto kumi na makofi ishirini. Kwa trela, angalia kwanza jina la chaneli iliyoipandisha. Trela za uongo huunganishwa kwa vipande vya filamu nyingine za mwigizaji huyohuyo, siku hizi pamoja na nyuso zilizotengenezwa na kompyuta, na mara nyingi maelezo ya chini hukiri kwa maandishi madogo kwamba ni ubunifu wa shabiki. Kama studio yenyewe haijaiweka kwenye kurasa zake, usiisambaze.

Hatua ya pili: uliza filamu inakusudia kujibu swali gani

Hii ndiyo hatua inayookoa urafiki.

Tamthilia ya Twin Peaks ilipokatwa Juni 1991 ilimwacha mpelelezi wake mkuu kwenye balaa ambalo sitalieleza hapa kwa heshima ya wasioliona. Mwaka mmoja haujatimia, Mei 1992, David Lynch, mmoja wa watunzi wake, alipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes filamu ya Twin Peaks: Fire Walk with Me. Watu waliingia wakitaka kujua yaliyompata mpelelezi. Filamu ikarudi nyuma, ikawaonyesha siku za mwisho za Laura Palmer, yule binti ambaye maiti yake ndiyo iliyoifungua tamthilia. Ni filamu nzito, yenye uchungu, na leo wapo wengi wanaoiweka juu kuliko tamthilia yenyewe. Mwaka ule ilipondwa vibaya. Sehemu kubwa ya hasira ilitoka kwa watu waliokuwa na swali ambalo filamu haikuwahi kuahidi kulijibu. Jibu la swali lao, kwa kadiri Lynch anavyojibu maswali, lilisubiri hadi 2017.

The X-Files, tamthilia ya wapelelezi wa mambo ya ajabu, ilirudia kisa hicho kwa namna yake. Episodi ya mwisho ya mwaka 2002 iliwaachia watazamaji tarehe ya uvamizi wa viumbe wa sayari nyingine: 22 Desemba 2012. Miaka sita baadaye, Julai 2008, ikaja filamu ya I Want to Believe. Kiumbe wa sayari nyingine hakuna hata mmoja. Kuna theluji, mwanamke aliyepotea, na padri mwenye maono na historia chafu. Juu ya hayo ilitoka wiki moja tu baada ya The Dark Knight, filamu ambayo msimu ule ilimeza kila kilichokaribia.

Kwa hiyo, mara muhtasari rasmi ukitoka, usome kwa kalamu mkononi. Je, hadithi inaanza baada ya episodi ya mwisho au kabla yake? Ni kisa kimoja kinachojitegemea, au inaendeleza mkondo mkubwa? Muongozaji anasemaje kuhusu watazamaji wapya? Hili la mwisho lisikukere. Filamu inayotegemea mashabiki peke yao hailipi gharama, kwa hiyo karibu kila filamu ya aina hii hutumia dakika zake za mwanzo kueleza mambo unayoyajua kwa moyo. Serenity hufanya hivyo kwa ujanja wa kupendeza, simulizi ndani ya simulizi, hata anayejua kila kitu hachoki. Nyingine hufanya kwa mhusika kusimama na kuhutubia. Vumilia.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki hawapendi kuambiwa. Tamthilia huishi kwa kuahirisha. Kila wiki jambo linasogezwa mbele, wapendanao hawaoani, adui hashikwi, na wahusika wanarudi mahali walipoanzia ili wiki ijayo wapate pa kuanzia tena. Filamu kazi yake ni kumaliza. Tulikua tukiambiana kwamba stelingi hafi, na kwenye tamthilia ya kila wiki kauli hiyo ina mantiki ya kibiashara, maana stelingi ana mkataba wa mwaka kesho. Kwenye filamu ambayo huenda ndiyo ya mwisho, mtunzi hana wa kumtunzia. Serenity inawaua wawili katika watu tisa wa kwenye chombo. Siwataji. Mmoja wao huondoka katikati ya pumzi ya furaha, na ukumbi mzima hukaa dakika kadhaa ukiamini kwamba atainuka.

Kama unataka mambo yaendelee kama zamani, huisubiri filamu. Unasubiri msimu mpya. Afadhali ulijue hilo miezi sita kabla kuliko ukiwa kitini.

Hatua ya tatu: rudia tamthilia kwa mpango

Kwa tamthilia ndefu, kurudia yote ni adhabu. Community ina episodi 110. Kwa fupi kama Firefly hakuna kisingizio: episodi ya kwanza ni ndefu, kama dakika 86, na nyingine 13 ni kama dakika 44 kila moja, jumla saa 11 hivi. Episodi mbili kila jioni, na wiki moja imetosha.

Mpangilio ni jambo la kuangalia kwanza. Tamthilia zilizofutwa mara nyingi zilirushwa ovyo, na orodha za mtandaoni wakati mwingine hufuata tarehe za kurushwa badala ya nia ya mtunzi. Firefly ianzie episodi ndefu inayoitwa Serenity, jina lilelile la filamu na la chombo chenyewe. Ukikuta orodha inaanza na The Train Job, hiyo ni orodha ya Fox. Toleo la DVD la Desemba 2003 liliweka mambo sawa, na ndilo lililoigeuza bahati ya tamthilia: liliuzwa kiasi kwamba studio haikuweza tena kudai hakuna watazamaji.

Kama muda haupo, chagua kwa kuangalia filamu itahusu nini. Serenity inamhusu River Tam, binti aliyefanyiwa majaribio na serikali, na inawahusu Reavers, wanyang'anyi waliopoteza utu. Basi angalia episodi ndefu ya mwanzo, kisha Bushwhacked kwa ajili ya Reavers, Safe na Ariel kwa ajili ya River na kaka yake, na Objects in Space. Ongeza Out of Gas ingawa haina kazi yoyote kwenye filamu. Ni episodi bora kuliko zote na maisha ni mafupi.

Hesabu bando kabla ya kuanza. Picha ya kawaida hula hadi takriban GB 1 kwa saa, ya HD hadi GB 3. Saa 11 za HD zitakula zaidi ya GB 30, ambazo kwa wengi wetu ni bajeti ya mwezi. Shusha picha ya kawaida usiku kama mtandao wako una bando la usiku, au mtafute mwenye Wi-Fi ya kazini na moyo mwema. Najua pia kuna duka la muvi mtaani linaloweza kukuwekea kila kitu kwenye flashi kwa bei ya soda. Nitakwambia tu kwamba Firefly ilifufuka kwa sababu nakala zilizonunuliwa zilihesabika, na nakala ya flashi haihesabiki popote.

Hatua ya nne: ongeza watu, lakini taratibu

Filamu ya namna hii huishi au kufa kwa idadi ya walioingia wiki ya kwanza. Mashabiki wa Firefly hujiita Browncoats, makoti ya kahawia, jina la upande ulioshindwa vita katika hadithi yenyewe, na kazi kubwa waliyoifanya ni kuazimisha. Mtu ananunua DVD mbili, moja ya kukaa nayo na moja ya kuzunguka kwa marafiki. Nakala moja ilifika mbali kuliko zote: mwanaanga Steven Swanson alipanda na DVD za Firefly na Serenity hadi kituo cha kimataifa cha angani mwaka 2007.

Ukimleta mtu mpya, mpe episodi moja, unyamaze. Usimwambie hapa ndipo patamu. Usimtazame usoni wakati wa kichekesho. Na umwashie maandishi ya chini, kwa sababu Firefly imejaa matani ya haraka kwa Kiingereza cha mashambani cha kubuni, kilichochanganywa na matusi ya Kichina, na aliyezoea kusimuliwa muvi na DJ Afro atajiona ameachwa. Akiikataa baada ya episodi tatu, mwache. Kumlazimisha mtu tamthilia ni njia ya haraka ya kumfanya aichukie.

Kama mkono wako unaweza kufuma, kuna kofia ya Jayne, mmoja wa watu wa kwenye chombo: sufu ya rangi ya chungwa na njano, masikio marefu, mbaya kwa makusudi, aliyofumiwa na mama yake katika episodi ya The Message. Episodi yenyewe ni miongoni mwa zile tatu ambazo Fox haikuzirusha, na bado kofia hiyo imekuwa sare ya mashabiki. Dar es Salaam usiivae mchana.

Hatua ya tano: linda uhondo

Tamthilia ikifa na kufufuka, kila aliyeipenda anarudi na kila mmoja ana mdomo. Kubalianeni mapema kwenye kundi lenu: baada ya filamu kutoka, siku ngapi za kunyamaza? Wiki mbili ni haki kwa filamu ya ukumbini, siku tatu kwa ya mtandaoni. Fungueni kundi la pili la waliokwisha kuona, na mtu asiingie huko mpaka aseme kwa sauti yake kwamba ameona. Atakayemwaga mtama kwenye kundi kuu atolewe bila mjadala, hata kama ndiye mwanzilishi.

Tatizo letu zaidi ni saa. Maonyesho ya kwanza ya Marekani huanza Alhamisi jioni. Saa moja jioni ya New York wakati wa kiangazi chao ni saa nane usiku Nairobi na Dar, na wakati wa baridi yao ni saa tisa. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi toa saa moja, Muscat ongeza saa moja. Ina maana ukiamka Ijumaa kuna watu wameshatoka ukumbini na wanaandika. Funga mitandao Alhamisi usiku kabla ya kulala, usisubiri asubuhi. Kwa filamu za Netflix hali ni nzuri zaidi: hufunguliwa dunia nzima saa sita usiku ya California, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi kiangazi chao kikiwepo na saa tano asubuhi kisipokuwepo. Ukipata ruhusa ya nusu siku kazini unakwenda sambamba na ulimwengu.

Trela: tazama ya kwanza, achana na ya mwisho. Ya kwanza huuza hali ya filamu, ya mwisho huuza matukio. Pia zima maneno ya tamthilia, ya wahusika na ya waigizaji kwenye mitandao inayokuruhusu kufanya hivyo, na usisahau YouTube, ambayo picha zake za mbele humaliza hadithi kabla hujabofya.

Hatua ya sita: fedha yako ni ya nini?

Machi 2013 Rob Thomas, mtunzi wa Veronica Mars, alikwenda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, kuomba dola milioni 2 ili tamthilia yake iliyofutwa 2007 iwe filamu. Zilipatikana kabla ya saa 12 kupita. Michango ilipofungwa, watu 91,585 walikuwa wametoa dola 5,702,153, na Machi 14 mwaka uliofuata filamu ikatoka. Ni ushindi mkubwa ambao mashabiki wa tamthilia waliupata kwa mifuko yao.

Somo lenye faida liko kwenye maandishi madogo. Wachangiaji hawakuwa wanahisa. Filamu ilikuwa ya Warner Bros., na faida yoyote ingekuwa yake. Mchangiaji alinunua zawadi: skripti, fulana, na kwa waliotoa dola 35 au zaidi nakala ya kidijitali. Siku ilipofika, nakala hiyo ilipitia mfumo ambao wengi waliuona msumbufu, malalamiko yakawa mengi, na studio ikalazimika kuwarudishia fedha walionunua filamu kwingine. Ukiombwa kuchangia, soma basi: zawadi ni nini, itafika kwa njia gani, na njia hiyo inafanya kazi nchini kwako? Nakala isiyofunguka nje ya Marekani ni sadaka. Toa kama sadaka au usitoe.

Kama hakuna mchango, weka fedha yako kwenye tiketi ya siku tatu za kwanza. Serenity ilishika nafasi ya pili Marekani wikendi yake ya kwanza kwa dola milioni 10 hivi, na duniani kote ikaingiza kama milioni 40, karibu sawa na gharama ya kuitengeneza. Kwa kuwa kumbi huchukua sehemu yao, hiyo ni hasara kwenye tiketi. Filamu ya pili haikuja. Wengine wanasema ilitangazwa vibaya. Mimi nadhani watu wengi waliopaswa kuingia walikuwa hawajasikia kwamba kulikuwa na tamthilia.

Hatua ya saba: panga siku yenyewe

Usidhani filamu itafika kwenye ukumbi wa mjini kwenu. Kumbi zetu huleta filamu zenye majina makubwa kwanza, na filamu ya tamthilia iliyofutwa ina jina kubwa kwa kundi dogo. Piga simu ukumbini mwezi mmoja kabla, uliza kama wana mpango nayo, na uwaambie mko wangapi. Kundi la watu thelathini walio tayari kulipa siku moja ni hoja ambayo meneja anaielewa. Ukienda na ahadi ya mioyo tu, atakupa namba ya kupiga baadaye.

Kama haiji, fanyeni sebuleni, kwa nakala iliyolipiwa. Mkitaka kualika umma na kutoza kiingilio, hapo mmeingia sheria: mnahitaji idhini ya mwenye filamu, na filamu inayoonyeshwa hadharani inapaswa kupitia Bodi ya Filamu Tanzania, au kwa Kenya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Si mambo ya kuanza wiki ya mwisho. Mashabiki wa Firefly wameonyesha inavyowezekana. Tangu 2006 wamekuwa wakiandaa kila mwaka, katika miji mbalimbali, maonyesho ya Serenity ya kuchangisha fedha kwa ajili ya Equality Now, shirika la kutetea haki za wanawake na wasichana ambalo lina ofisi Nairobi. Filamu iliyokosa fedha za kuzaa ya pili imekuwa ikiwachangia wengine miaka yote hiyo.

Kwa sebuleni, jaribuni maandishi ya chini na sauti siku moja kabla. Chakula kiwe kisichovunja ukimya. Bisi ni kelele, tende hazina kelele. Simu zikusanywe kwenye kapu, na mwenye mtoto mchanga akae karibu na mlango. Wageni wasioijua tamthilia waketi pamoja, si mmoja mmoja kati ya wajuzi, la sivyo kila mjuzi atageuka mkalimani.

Usitoe hukumu usiku huohuo. Filamu unayoiona mara ya kwanza unailinganisha na ile uliyoitengeneza kichwani kwa miaka, na ile ya kichwani haikuwa na bajeti wala muda wa saa mbili. Irudie baada ya mwezi mmoja. Deadwood ya HBO ilikatwa 2006, filamu yake ikaja Mei 2019, miaka 13 baadaye, na Powers Boothe, mmoja wa waigizaji wakubwa wa tamthilia, alikuwa amekwisha kufariki. Mvi za waliobaki ni za kweli, na hadithi yenyewe imesogea miaka kumi mbele. Mara ya kwanza unahesabu waliokosekana. Mara ya pili ndipo unapoona jinsi mvi zenyewe zilivyotiwa ndani ya hadithi.

Ukiwa sasa wewe ndiye mwenyeji wa wapya

Kila filamu ya namna hii huingia kwenye orodha ya tamthilia yake, na mtu mpya atakuuliza aiweke wapi. Serenity ni ya mwisho kabisa, baada ya episodi zote 14, pamoja na zile tatu ambazo Fox haikuzirusha. Filamu ya Veronica Mars inakaa baada ya misimu mitatu na kabla ya msimu wa 2019, ambao mwisho wake uliwagawa mashabiki hadi leo. Ile ya kwanza ya The X-Files, ya Juni 1998, iko kati ya msimu wa tano na wa sita, na ukiiruka, msimu wa sita utaanza ukiwa umepotea. Fire Walk with Me inaeleza mambo yaliyotangulia tamthilia, kwa hiyo mgeni atashawishika kuanza nayo. Mzuie. Inamtaja muuaji waziwazi, na kumjua muuaji mapema kunaiua misimu miwili ya Twin Peaks. Iwe baada ya misimu yote miwili, kabla ya ule wa 2017, na ikiwezekana isiwe usiku.